Ukomo wa Zimwi

Mama Meno jina hilo alilipata kazini: alikuwa anachonga meno ya bandia kwa daktari wa meno. Kila Jumamosi mchana, yeye na mumewe walikwenda kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kucheza mchezo wa mezani. Shemeji ndiye aliyesimulia nchi ya kubuni na kutunga sheria zake. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake, aliyepanda ngazi kwa kukusanya pointi, na dadu ndizo zilizoamua nani kapona na nani kaliwa.

Mhusika wa Mama Meno alikuwa zimwi jike. Zimwi lilianza mchezo likiweza kung'oa milango na kuona gizani, ilhali binadamu wa mumewe alianza na panga butu na woga wake. Kwa hiyo shemeji akaweka sheria: asiye binadamu atapanda mpaka ngazi ya saba, basi, binadamu apande mpaka achoke.

"Aliyeanza juu tukimwachia," alisema, "wenzake watakuwa wabeba mizigo wake."

Mama Meno aliona kuna haki ndani yake, akakubali. Lakini ngazi ya saba ikafika. Binadamu wa mumewe akazidi kupanda hata akawa anapasua miamba kwa neno moja, na zimwi likabaki kutazama.

"Shemeji, usinijengee ukuta," alisema. "Nipe mlima. Kila ngazi unidai pointi mara mbili ya binadamu. Nitapanda, ila kwa jasho."

"Sheria ni sheria, shemeji. Nikikulegezea wewe, kesho kila mtu atataka kuwa zimwi."

Shemeji akalamba mafuta ya chipsi vidoleni, kimoja kimoja, kisha akazikusanya dadu. Mama Meno, ambaye kutwa anashika vitu vilivyotoka vinywani mwa watu bila kukunja uso, alizifuta kwa leso kabla ya kuzirusha.

Nyumbani mumewe alimwambia, "Una haki, mke wangu. Yule kichwa ngumu tu."

Ndipo akaja bosi wa ghala, ambako shemeji alikuwa karani. Alikuwa amesikia habari za mchezo, akataka kuonja. Akachagua jini. Pointi zikamwagika kama maji ya bomba bovu. Hata kufungua mlango alilipwa.

"Mlango ulikuwa wazi!" Mama Meno alisema.

"Lakini aliingia kwa busara," shemeji akajibu.

Haikupita miezi mingi, jini likagota ngazi ya saba. Bosi akachomoa kijiti mdomoni. "Naishia hapa? Kwa nini?"

"Aa, bosi, ile ilikuwa sheria ya wanaoanza!" Shemeji akacheka kicheko chembamba ambacho Mama Meno hakuwahi kukisikia, akaifuta sheria kwa kalamu palepale. Hakudai hata hizo pointi mara mbili.

Mama Meno akamtazama mumewe. Mumewe akatikisa kichwa kukubali. "Kweli, ilishapitwa na wakati."

"Na zimwi lako pia linapanda, shemeji," yule mdogo mtu akasema. "Si ndicho ulichokuwa unalilia? Furahi basi."

"Nililia kupanda. Sikulilia kubebwa mgongoni mwa jini."

"Mama, huu ni mchezo tu," bosi akasema kwa upole.

"Ndiyo maana nachefukwa, bosi. Mtu anayepiga magoti mchezoni, kazini si anatambaa?"

Mama Meno akachukua mkoba wake, akatoka. Mumewe akabaki, eti amalize vita.

Aliporudi alikuwa amenuna. Jini lilikuwa limelimaliza peke yake joka la vita hiyo, wengine wakapiga makofi tu. "Haikunoga," alisema, kama mtu anayengoja apewe pole. Hakupewa. Na Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Ndugu ni ndugu, alisema.

Mama Meno akaanzisha meza yake na wenzake wawili wa kazini, kwa sheria ya mlima. Siku ya kwanza tu wakagombana: wenye binadamu walilalamika kwamba mara mbili haitoshi, zimwi bado linawaonea. Wakabishana mpaka sauti zikakauka, wakaafikiana mara tatu. Zimwi lake sasa linapanda kama kobe, na hana kinyongo.

Juzi mumewe aliuliza kama naye anaweza kujiunga. Alimwambia atawauliza wenzake. Hasira ilikuwa imekwisha, kinyaa bado.