Zulia la Darajani

Kijijini kwetu Friesland, nchi ya mifereji na baridi, mtoto huanza kuteleza kwenye barafu kabla hajajua kufunga vifungo vya koti lake. Mimi nilifika miaka arobaini na saba sijui. Nakamua ng'ombe sitini, nimemzika mume mmoja na kumfukuza wa pili, lakini mfereji ukiganda nilikuwa nabaki ukingoni na buti zangu nikiwashikia wenzangu mikoba. Hakuna aliyeniuliza sababu. Wote walijua kwamba baba yangu, Durk, alizama chini ya daraja nikiwa mdogo, na kwamba mama aliniapia kiapo kimoja: siku nitakayokanyaga barafu, nisimwite mama tena.

Mama yangu Jantsje hana utani. Tangu mwaka ule hajanifanyia hata sherehe ya kuzaliwa, akisema Januari ni mwezi wa msiba, na mimi nikazoea. Ila Januari hii mfereji uliganda baada ya miaka saba ya matope, na kijiji kizima kikahamia juu yake, hadi mchungaji. Nilishindwa kuvumilia. Alhamisi mama alipotoka kwenda kufuma na wanawake wa kanisa, nilibeba kiti cha jikoni nikaenda kwa jirani yetu, Mzee Wobbe, aliyenihifadhia viatu vya marehemu mkewe vyenye vyuma chini.

"Mama yako akituona, nani atazikwa kwanza?" aliniuliza huku akinikazia kamba za viatu.

"Wewe. Umeshakula chumvi ya kutosha."

"Haya. Samaki mkunje angali mbichi, na wewe mwenzetu umeshakauka. Shika kiti."

Kwetu kila mtu hujifunza hivyo, kwa kusukuma kiti. Tofauti ni kwamba wengine huwa na miaka minne na makalio yao yako karibu na chini. Nilianguka kabla ya kusogea. Nikaanguka tena nikiwa nimesogea, na mara ya tatu nikaenda chini pamoja na kiti. Wobbe alicheka hadi akakaa kwenye theluji.

"Usione haya, binti. Mficha uchi hazai."

Baada ya saa moja nilikuwa naenda. Nakwambia nilikuwa naenda kweli, kiti mbele, upepo masikioni, na nilijisikia furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa mume yeyote.

"Sasa sikiliza," alisema Wobbe. "Kabla ya kujua kufunga breki, jua zulia. Chini ya daraja barafu huwa nyembamba. Ukikuta zulia limetandikwa ukingoni, toka nje, tembea juu yake na vyuma vyako, ulizunguke daraja, urudi upande wa pili. Usipolikuta, pita. Maana yake barafu imepimwa, imeshika."

Mazulia niliyaona maisha yangu yote. La daraja letu lilikuwa letu wenyewe, jekundu, la sebuleni. Kila mfereji ulipoganda mama alilikokota kwa kigari cha theluji, kabla ya mtu yeyote kuamka, na mimi nilidhani ni majonzi ya mjane tu. Sikujua kwamba kwa anayeteleza zulia lile ni amri.

Nikauliza bila kufikiri. "Mwaka ule wa baba, zulia lilikuwepo?"

Wobbe aliinama akaanza kukaza kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimekazwa.

"Mzee Wobbe. Nakuuliza."

"Sukuma kiti, Sietske. Mengine muulize mwenye zulia."

Miaka arobaini na minne kijiji kizima kinajua jambo, na mimi peke yangu sijui. Nilikisukuma kile kiti kwa hasira, mbio, nikimwacha mzee ananiita. Mguu wa kiti ukanasa kwenye ufa. Kiti kikabaki, mimi nikaendelea.

Kufunga breki sikuwa nimefundishwa. Daraja lilikuwa linakuja, na chini yake niliona maji meusi na bata wawili wakiogelea. Ukingoni alikuwepo mama, hakwenda kufuma wala nini, ameinama ananyoosha zulia lililokunjwa na upepo. Aliinua uso akaniona.

"Kaa!" alipiga kelele. "Sietske, kaa chini!"

Nilikaa kama gunia la viazi. Nikaburuzika kwa makalio, nikizunguka, nikasimama hatua tatu kabla ya maji. Barafu ililia chini yangu.

Mama ana miaka sabini na sita na nyonga ya bandia. Alilala kifudifudi juu ya barafu, na koti lake la kanisani, akalisukuma zulia mbele yake mpaka ncha ikafika mkononi mwangu.

"Shika. Usisimame."

Nilishika. Wobbe alifika akihema, akamshika mama miguu, wakanivuta hadi kwenye majani. Nilingoja kofi. Mama alikaa tu kwenye theluji, ameshika pindo la zulia.

"Ulikuwa unatimiza miaka mitatu," alisema. "Wageni walikuwa waje saa nne. Nikaona aibu, watu wakae duara sebuleni kwangu kwenye mbao tupu. Nikalitoa hapa. Nikasema saa moja tu, nitalirudisha."

Nilikung'uta theluji magotini.

"Baba yako alikuwa ameenda kijiji cha pili kuchukua keki yako. Wakati wa kwenda alilikanyaga. Wakati wa kurudi hakulikuta." Aliifuta pua kwa mkono wa koti. "Akadhani wamepima."

"Na kiapo kile chote? Nisikuite mama?"

"Ungejua kuteleza ungeuliza. Kila anayeteleza huuliza. Na ukishajua, hutaniita mama. Nilitangulia kukukataza mimi, nisije nikasikia kwako."

Nilimwangalia kana kwamba simjui. Nilitaka kumpigia kelele kwa ajili ya barafu yote niliyonyimwa, na keki zote, na baba. Hasira hiyo bado ipo, sitaficha. Wobbe alikuwa amegeuka anatazama bata.

Upande wa kanisa zikasikika sauti. Watoto wa shule walikuwa wametoka, wanakuja kwa kasi, mstari mzima, na zulia lilikuwa limekunjamana miguuni mwetu.

Nilipiga magoti na vyuma vyangu, nikashika pembe mbili.

"Mama," nikasema, "shika upande ule."