Samaki Mgeni wa Nkome

Mwaka 1956 ulipofika, Thobias alikuwa amekwisha kuchoka kusema. Miaka minne, akiwa mtumishi wa idara ya samaki, alipima maji na kuhesabu samaki ziwani, pwani ya Nkome, miaka minne akiandika kwamba sato wa kuletwa, waliotoroka mabwawa ya serikali wakati wa mafuriko, wanawamaliza sato wa asili. Mkubwa wake alijibu kila mara kwa sentensi ileile: lete ushahidi. Sato si sato tu?

Palibaki ghuba moja ndogo ya matete ambamo wageni hawajaingia. Humo sato wa asili walizalia, na Thobias aliilinda kama mtu anavyolinda mboni ya jicho. Kijijini aliwaambia watu, tena na tena, mpaka koo likamkauka: mkimpata samaki mgeni, mniwekee.

Jumatatu alitoka Geita kwa baiskeli, chupa za dawa ya kuhifadhia samaki zikigongana mgongoni. Mkubwa angefika kesho yake kuuona ushahidi. Mzee Jilala, mvuvi, na mkewe Paskalia walimpokea njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Samaki. Wageni wako tumewapata. Kumi na wanane."

Thobias nusura aangushe baiskeli kwa furaha. "Wako wapi?"

"Tumewaweka pazuri."

Walimpeleka moja kwa moja kwenye ghuba ya matete. Furaha ikamtoka njiani, hatua kwa hatua.

"Mmewatia humu? Wazima?"

"Tuliwabeba kwa debe la maji, asife hata mmoja," alisema Jilala kwa fahari. "Hapa nyavu haziruhusiwi, wewe mwenyewe ulikataza. Watastarehe."

"Na jike mmoja alikuwa na watoto mdomoni, kama sato wanavyolea," Paskalia aliongeza. "Nikasema mzazi asisumbuliwe."

Thobias alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya kazi. Alitaka kupiga kelele, akakosa wa kumpigia. "Mama, nilisema ni samaki wabaya. Wanaua wenzao."

"Hukusema wabaya, baba. Ulisema wageni." Paskalia alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu mwenye homa. "Mgeni anauawa kwenu? Ungesema adui, tungewakaanga siku ileile."

Neno hilo Thobias alilichagua mwenyewe, akalifundisha nyumba kwa nyumba kwa miaka minne. Mbele yake, kando ya matete, vitoto vya samaki mgeni vilikuwa vikitoka mdomoni mwa mama yao na kutawanyika ghubani.