Mama Yuko Juu

...tena mama anasema huko juu, ndizi, zimeiva, ziteremsheni, na Ishengoma amesimama katikati ya ngazi na bakuli la uji mkononi, hapandi wala hashuki, ndizi gani mama, chumbani mwako mna kitanda cha chuma na msalaba ukutani, hamna ndizi, ni homa tu hiyo inayosema, kwinini amekunywa mpaka masikio yanavuma na homa inapanda jua likipanda, ikifika mchana kama huu haisemeki, jioni inampa nafuu kidogo, kesho tena... na huko chini sebuleni Rutashobya, aliyetoka Muleba kuja kuitazama nyumba kwa kuwa naye anataka kujenga, anapigapiga ukuta kwa kiganja, "Waitu, hii ndiyo nyumba," anamwambia Celina kwa adabu ya kikwao, "Mhaya gani mwingine ana ghorofa hapa Miembeni?" na Celina anajibu, "Ni yeye tu," kwa sauti kavu ya mke aliyesema neno likakataliwa, neno lenyewe lilikuwa, "Mteremshe mama, baba watoto, huko juu hakulaliki, hata sisi tumehama," na kweli wamehama, tangu kiangazi kianze wanalala chini kwenye stoo, Ishengoma akisingizia kulinda kahawa, lakini mama abaki juu, mzazi halazwi na magunia, watu wa kwao Ngenge wakija kumjulia hali watasema nini, mama wa Ishengoma, ambaye nyumba yake hata Bwana DC alisimama akavua kofia kuitazama, analala stoo... alimpandisha mwenyewe ngazi hizi, mgongoni, siku alipomleta, majirani mlangoni wakasema huyu ndiye mwana, naye akapunguza mwendo ili wamalize kusema, Mungu amsamehe, alipunguza mwendo...

...na sasa hewa ya moto inampita usoni, ametuliza mwili anaisikia, nyuma huko chungu cha maharage kiko motoni, jiko alilitaka humo humo ndani kama la Wazungu, na moto wake ukitoka hauna njia nyingine, unapinda kona, unapanda ngazi, miguuni saruji ni baridi na mashavuni jasho, mtu mmoja majira mawili, ajabu gani, wala si ajabu, padri aliwafundisha darasani, hewa ikipata moto inakuwa nyepesi inapanda, ya baridi ni nzito inabaki chini, na yeye alisifiwa kwa kujibu upesi, sifa tu, sifa ndiyo iliyomjenga na kumbomoa... na huko juu mabati nayo yanachomwa na jua tangu asubuhi, basi mama ana moto wa chini unaomfuata na moto wa juu unaomngoja, na dirisha limefungwa, nani alilifunga, ni yeye, mgonjwa wa homa asipigwe na upepo... katika msonge wao wa Ngenge hapakuwa na dirisha na hakuna aliyeungua, nyasi sakafuni, baridi, watoto wanagaagaa, mama anakohoa kando ya mafiga, "Inama, mwana wange, moshi una kiburi, haukai na watoto," na juu ya moto uchanja, na juu ya uchanja mikungu ya kuivisha, akamwuliza siku moja, kwa nini ndizi zinakwenda kulala juu, mama akacheka, "Chini zitakaa mbichi mpaka uoe, juu ndiko zinakoivia, lakini uzikumbuke, ukizisahau zinaoza huko huko juu"...

...zimeiva, ziteremsheni.

...Mungu wangu, hakuwa akiweweseka. Alikuwa akiomba, kwa adabu, kwa mafumbo, asije akamwaibisha mwanawe mbele ya wageni, na mwanawe akamjibu kwa kwinini... aliye juu mngoje chini, watu huwaambia hivyo wenye kiburi, lakini hapa aliye juu ni mama na mwenye kiburi ndiye anayelala chini kwenye baridi... atambeba, leo hii, atampitisha hapo hapo sebuleni mbele ya Rutashobya, akamlaze kwenye magunia, na waseme, waseme mpaka wachoke, mguu, nyanyuka basi, mguu haunyanyuki, mbona kimya, alikuwa akisema sasa hivi, mama, umelala, mama...

"Ta Ishengoma," Rutashobya anaita kutoka chini, "na huko juu umeweka nini?"

...na jibu analo, kila mgeni amejibiwa hilo hilo tangu nyumba iishe, juu yuko mama, kifua mbele, nao hutikisa kichwa kwa heshima, naye amesimama pale pale katikati ya ngazi, uji mkononi haujapoa, na huko juu hakuna tena anayeomba kuteremshwa.