Mama Aliyechelewa Kufika

Binti kitinda mimba ndiye aliyekuwa fundi wa tovuti katika ukoo ule, kwa hiyo mama alipougua akawa wa kitandani, macho yote yalimgeukia yeye. Ndugu walikuwa wametawanyika nchi za mbali na kila mmoja alitaka kumwona mama. Akatengeneza ukurasa wa familia, akafunga kamera juu ya kabati, mkabala na kitanda.

Ikabidi achague njia ya kurusha picha. Ya kwanza ilikuwa ya papo hapo, ila mtandao ukiyumba, uso wa mama ulikatika vipande vipande. Ya pili ilikusanya picha kwanza, ikaituma safi, lakini ilichelewa nusu dakika.

"Haraka haraka haina baraka," alimwambia kaka yake mkubwa. "Nakupa mama mzima, siyo mama wa viraka."

Kaka akacheka. Kwa miaka mingi alikuwa hasemezani na mama, kwa ugomvi wa kipuuzi ambao hata watoto wangeona haya kuuendeleza. Sasa alitaka jambo moja tu: kumwomba radhi akimtazama usoni, naye mama asikie.

Mchana mmoja akapiga simu. Binti akaiweka kwenye spika, juu ya mto, karibu na sikio la mama. Kaka alikuwa ameufungua ukurasa na kuuzima sauti ili isigongane na ya simu. Akakohoa. Akauliza habari za dawa, akauliza kama mvua imenyesha. Binti alitamani kumzaba kofi. Sema basi, mtu mzima wewe!

Mama akafumbua macho, akaitazama kamera, akatabasamu. Kisha akashusha pumzi, na kifua hakikuinuka tena.

Binti akamwinamia. Akamwekea kiganja puani. Hakuna kitu. Akafungua kinywa aseme, sauti ya kaka ikamtangulia kwa furaha.

"Amefumbua macho! Mdogo wangu, ananitazama! Anatabasamu!"

Binti akageuka. Kwenye kompyuta yake pembeni ya kitanda, mama alikuwa hai.

"Mama, nilikukosea," kaka akasema, sauti ikimtetemeka. "Nisamehe, mama yangu." Akavuta kamasi. "Amenisikia? Niambie, amenisikia?"

"Amekusikia, kaka," binti akajibu, na kabla picha haijafikia ile pumzi ya mwisho, akauzima ukurasa wa familia.

"Ah! Picha imekatika!"

"Ni mtandao," akasema, huku akimfumba mama macho.