Mwanzo wa Kikapu

Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimesuka kitako cha kikapu kilekile mara tano, na mara nne nimekifumua. Si kwamba nilikosea. Mshereheshaji wa maonyesho, bwana mmoja wa tai na kipaza sauti, alitaka kila kundi linaloingia ukumbini lione mwanzo.

"Fumua basi, mama, wengine hao."

Nafumua. Ukindu umeanza kukatika kwa kuloweshwa kila saa. Miguu haitulii chini ya meza. Nyumbani sijawahi kuacha kikapu bila kufunga ukingo. Marehemu mama angenichapa vidole. Hapa vidole vinaniwasha kama nimeshika upupu.

Mara akarudi mzee mmoja aliyepita asubuhi. Akanitazama kwa huruma kweli.

"Pole, mwanangu. Bado uko palepale? Usikate tamaa, utajua tu."

Damu ikanichemka. Miaka thelathini nasuka, leo nafarijiwa kama mwanafunzi!

"Mama, fumua, kundi jipya," akaja yule wa tai.

Nikamsukumia kikapu kifuani. "Fumua mwenyewe."

Akacheka, akakipokea. Akakigeuza juu chini, akavuta ukindu huu, akavuta ule. Kila alipovuta, kikazidi kukaza. Jasho likamtoka. Akaniinamia, akasahau kwamba kipaza sauti bado kinawaka, na ukumbi mzima ukamsikia akinong'ona:

"Mama, hiki kinaanzia wapi?"

"Tangu asubuhi nakuonyesha," nikamjibu.