Dorcas Hawapewi

Dorcas Pilling alikata roho asubuhi, uji haujapoa. Keziah Ogden, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja tangu waingie nyumba ya maskini ya Thornbeck, alimfumba macho, kisha akaenda moja kwa moja kwa msimamizi.

"Bwana Scholes, nataka mwili wa Dorcas tumzike."

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

Scholes alicheka. "Tangu lini? Wewe Ogden, yeye Pilling. Sheria ya Bunge inasema maskini akifa bila ndugu wa kumchukua, anapelekwa shule ya madaktari akapasuliwe. Gari la farasi linakuja adhuhuri."

"Alinisihi, bwana. Alikuwa akilia usiku kwa kuogopa kile kisu."

"Maiti haogopi kitu. Rudi kwenye nguo zako."

Keziah alirudi kwenye chumba cha kufulia, akakoroga nguo kwenye pipa la maji ya moto. Aliwaza jinsi Dorcas alivyofuma vitambaa vya watu wa mji huu tangu utotoni mpaka macho yakamwishia. Kumbe hata amekufa walikuwa bado wanataka kitu kwake.

Gari lilipoingia uani na jeneza la mbao nyembamba likapakiwa, Keziah alitoka na mti wa kukorogea nguo, mvuke ukimfuka mikononi. Akapanda gari, akakalia jeneza.

"Shuka, bibi we!" dereva akafoka.

"Nishushe wewe, kama mamako alikuzaa mwanamume."

Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha mapipa, wakatoka. Mmoja akamshika farasi hatamu. Mwenzao Hannah Tweedale, ambaye kwa kikohozi alikuwa hawezi hata kubeba ndoo, akajilaza mbele ya magurudumu. Wafumaji wa kiwandani waliotoka kula mchana wakajazana langoni.

Scholes alikuja mbio, uso mwekundu. "Keziah! Bila miili hii madaktari watajifunzia wapi? Hutaki watu wapone?"

"Nataka sana! Basi waanze na wewe. Waanze na mwenye kiwanda, ana nyama nyingi, watajifunza mpaka wachoke! Kwa nini kila siku ni sisi?"

Langoni watu wakaangua kicheko, lakini kicheko kile hakikuwa cha furaha. Jiwe likavunja dirisha la ofisi. Kisha la pili. Dereva akamtazama Scholes, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi nina watoto," akashuka na kwenda zake kwa miguu.

Dorcas akazikwa jioni ile kwenye makaburi ya kanisa, mvua ikinyesha, wafumaji wakimbeba. Keziah hakumwona akiteremshwa. Watu walipoondoka na jeneza, Scholes alimfungia kwenye chumba cha adhabu, kwa mkate mkavu na maji. Alilia humo gizani, peke yake, kwa sababu mpaka hapo hakuwa amepata nafasi ya kulia.

Alipofunguliwa, Scholes alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake.

"Haya, umeridhika sasa?"

Keziah alikung'uta kwenye gauni majani makavu aliyolalia.

"Sijaridhika," alisema. "Nasikia Hannah amezidiwa na homa tangu ajilaze pale uani kwenye baridi. Akifa, huyo naye hamumpati. Afadhali umwambie mwenye gari asijisumbue."

Akampita, akaenda kumkalisha Hannah anywe maji.