Marufuku Kuandika Jina

Usiku wa jana niliota nimesimama paredi ya asubuhi katika shule ya bweni niliyosoma, nikiwa na mvi zangu hizi hizi na kaptula ya kaki. Sikushangaa. Nilikuwa kiranja mkuu wa shule ile, na paredi isiyo na kiranja si paredi, ni mkusanyiko. Ukungu ulikuwa mzito na baridi ilinikata magoti, lakini mgongo niliunyoosha.

Jukwaani lilisimama sanduku langu la chuma, lile la shule, lenye namba yangu kifunikoni kwa rangi nyeupe. Lilikuwa limevaa tai.

"Matokeo yametoka," likasema, kifuniko kikipanda na kushuka. "Kuanzia leo kila mtu ataishi ndani ya matokeo yake, wala hatatoka."

Niliona ni haki. Jioni ile, kabla sijalala, nilikuwa nimeyaona matokeo ya binti yangu: Daraja Sifuri. Nilimwomba namba yake ya mtihani, nikatazama kwenye simu, kisha nikala chakula changu bila kumsemesha. Cheti changu kimetundikwa sebuleni: Daraja la Kwanza, pointi saba. Mgeni wangu hukisoma kwanza, ndipo huletewa maji.

"Wani ya saba!" sauti ikaniita kutoka nyuma. "Bado unanuka sabuni ya mche!"

Alikuwa Kitundu, tuliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini, mimi juu. Alipata sifuri, akaenda kuuza mbao, na mbao zikampa maisha mazuri, jambo ambalo sijapata kulielewa.

"Kimya mstarini," nikamwambia. "Na mbona hujapanga mstari na wenzako wa sifuri?"

"Nilipanga. Mke wangu kaniita kwa jina, chai inapoa. Nikatoka." Akanyoosha kidole. "Wewe tazama kule."

Natazama. Paredi imekuwa jikoni kwangu, na ukuta wa jikoni ni tanuri la kuchomea karatasi mbovu za mtihani. Watu wa sifuri wamekunjwa katikati kama karatasi za majibu. Wanaingia mmoja mmoja. Hakuna anayelia. Wa mwisho, amejitanda kanga ya mama yake, ni binti yangu.

"Huyo ni wangu," naliambia sanduku.

"Namba?"

Naitaja upesi, bila kukosea.

"Namba hiyo ni sifuri. Tanurini."

"Ana jina!"

Sufuria zote zinainamisha vichwa kwa aibu. Sanduku linarekebisha tai yake. "Kiranja mkuu, isome kanuni ya kwanza."

Naijua kwa moyo. "Ni marufuku kuandika jina popote katika chumba cha mtihani. Atakayeandika, matokeo yake yote yatafutwa."

"Yake nani?"

"Ya mwandishi."

Sijawahi kuvunja kanuni. Kwa hiyo naita namba yake kwa sauti ya paredi. Hageuki. Naita tena. Linageuka jiko la mkaa, linageuka bomba, yeye hageuki.

"Kwani wewe ungeitika?" Kitundu ananiuliza.

Nje kipande cha reli, kengele ya shule, kinagongwa. "Kalamu chini!" sanduku linaamuru. Mstari unasogea. Joto limefika kwenye pindo la kanga, nalo pindo linaanza kujikunja na kubadilika rangi.

Hapo natafuta jina lake kinywani na silikuti. Nililichagua mimi mwenyewe, nikalitamka kanisani mbele ya ukoo. Sasa ulimi wangu una tarakimu tu. Nafungua kinywa, zinamwagika sakafuni kama mchele.

"Mkono, ndugu yangu!" Kitundu anapiga kelele. "Uliniandika ubaoni miaka minne!"

Ni kweli. Kila kiranja ana chaki mfukoni ya kuandika majina ya wapiga kelele, na mkono wa kiranja hausahau jina. Naitoa chaki. Naandika kwenye kifuniko cha sanduku, chini ya namba yangu, kwa herufi kubwa: SKOLASTIKA.

"Udanganyifu," sanduku linasema kwa sauti ndogo, kama lililofiwa. "Yamefutwa."

Zinaondoka pointi. Inaondoka ofisi niliyostaafu, inaondoka sebule na ukuta wenye cheti. Nabaki ukunguni na kaptula yangu, sina daraja lolote, ninaogopa kama mtoto wa kidato cha kwanza.

"Abee, baba," mtu akaitika.

Nikaamka nimelowa jasho. Kulikuwa kumepambazuka. Nilipita sebuleni, cheti kilikuwepo, kioo chake kizima. Binti yangu alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, macho yamevimba. Alinisalimu bila kuinua kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Skola."

Akashtuka. "Abee, baba."

Nilikuwa nimekusudia kusema jambo lililopangika vizuri. Lakini niliiona kanga aliyojitanda: pindo lilikuwa limeungua.

"Imeunguaje?"

"Sijui, baba. Nimeamka nayo hivi." Akaligeuza pindo mkononi. "Na jiko bado sijawasha."

Nikavuta kigoda kingine, nikaketi karibu naye, nikamwita tena kwa jina, ingawa alikuwa hapo hapo mbele yangu.